Misemo ya Waingereza: Maana Yake na Ilikotoka



Liko jambo moja katika kujifunza Kiingereza liwachoshalo wanafunzi kuliko sarufi yote. Mwanafunzi hukutana na sentensi fupi ya maneno manne au matano. Kila neno alijua, na asilolijua amelitafuta katika kamusi akalipata. Lakini ayaunganishapo yote pamoja, maana haitokei. Huona maneno ya bahari mahali panaposemwa habari za shamba, na habari za farasi mahali panaposemwa habari za kununua sukari. Hapo hudhani ya kuwa mwandishi amepotewa na akili, au kwamba yeye mwenyewe hana kichwa cha kujifunza lugha. Si hili wala si lile. Amekutana na msemo, na msemo haufasiriwi kwa kamusi ya neno moja moja. Hufasiriwa kwa kujua habari za watu waliousema kwanza.

Nasi tusiwacheke Waingereza kwa hayo, maana lugha yetu ina mambo yayo hayo. Mgeni asikiaye kwamba fulani amepiga maji atatazama mtoni. Na akiambiwa kwamba fulani amepiga moyo konde, atauliza kama hakuumia. Tena yako maneno ambayo sisi wenyewe twayatumia kila siku wala hatukumbuki yalikotoka. Mtu wa Tabora au Dodoma, ambaye pengine hajapata kuiona bahari tangu kuzaliwa, husema kwamba mambo yake yamekwenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini, kilalapo huku na huku kwa kupigwa na mawimbi. Husema pia kwamba mali ya marehemu imekwenda arijojo, na arijojo ni mwendo wa tiara ya watoto iliyokatika uzi, ikachukuliwa na upepo isijulikane itaanguka wapi. Maneno husafiri mbali kuliko watu, na waliyoyasema kwanza husahauliwa. Ndivyo ilivyo misemo mingi ya Kiingereza, na leo tutaifuata michache tuone nyayo zake zinaanzia wapi.

Uingereza ni nchi ya kisiwa. Kwa muda wa karne tatu na zaidi, wanaume wengi wa huko walipata chakula chao katika merikebu za matanga, za biashara na za vita, nao waliporudi kwao waliyaleta maneno ya chomboni wakayatumia sokoni na jikoni. Kwa hiyo yafaa tuanze baharini.

Merikebu zao kubwa hazikuwa na tanga kama la jahazi. Matanga yake yalikuwa mapana, ya pembe nne, yametundikwa katika foromali zilizolazwa kukingama mlingoti. Tanga la namna hiyo hutaka kupigwa na upepo kwa nyuma. Upepo ukigeuka ghafula, au mshika usukani akisinzia, hulipiga tanga kwa mbele ukalikandamiza juu ya mlingoti. Mara merikebu husimama, na pengine huanza kurudi kinyumenyume, na milingoti huweza kuvunjika. Manahodha wa majahazi yetu waijua hatari iliyo ndugu ya hiyo, nao huiogopa. Chombo kilichopatwa na jambo hilo husemwa kwamba kimekuwa "taken aback". Leo Mwingereza ambaye hajashika kamba ya tanga maishani mwake husema hivyo juu ya nafsi yake, akiambiwa habari asizozitazamia hata akakosa neno la kujibu.

Msemo wa "by and large" huwasumbua wanafunzi zaidi, kwa sababu maneno yake ni madogo nayo yajulikana na kila mtu. Neno la kwanza wamelijua kuwa ni "kwa" au "karibu na", na la mwisho ni "kubwa"; wakiyaweka pamoja hawapati kitu. Lakini baharia alipokwenda akiukaribia upepo kadiri chombo kiwezavyo, alisema anakwenda "by the wind". Na upepo ulipokuja kwa ubavu wa nyuma, ukamwachia nafasi ya kwenda apendavyo, alisema anakwenda "large". Chombo chema kilikuwa kile kiwezacho mwendo wote wawili. Basi kusema habari ya merikebu "by and large" kulikuwa kuisema katika pepo zote, na kutoka hapo maana imekuwa "kwa jumla" au "tukitazama yote pamoja". Maneno hayo yalikwisha kuandikwa na mabaharia katika karne ya 17.

Mlevi Waingereza humwambia kwamba yu "three sheets to the wind". Mwanafunzi ajuaye kwamba "sheet" ni shuka hufikiri ya kuwa mashuka matatu ni matanga matatu, na hapo hata Waingereza wenyewe wengi hukosea pamoja naye. Kwa mabaharia, "sheet" si tanga bali ni kamba, ile ambayo watu wa pwani huiita demani, ambayo kazi yake ni kulizuia tanga kwa chini. Demani ikifunguka, tanga hupepea bure. Zikifunguka tatu, matanga hupigapiga ovyo na merikebu hupepesuka kama mtu atokaye kilabuni. Msemo huu waonekana katika vitabu vya Kiingereza tangu mwaka wa 1821, ila zamani hizo walisema "in the wind".

Na hapa pana mwingine uliovaa nguo isiyo yake. Waingereza husema kwamba wataendelea na jambo hata "the bitter end". Kila mwanafunzi hulifasiri kuwa "mwisho mchungu", na kwa kweli ndivyo wanavyouelewa Waingereza wengi wa leo. Lakini mwaka wa 1627 Kapteni John Smith, ambaye alikuwa mmoja wa waanzishi wa makao ya Waingereza katika Virginia, alipiga chapa kitabu cha kuwafundisha vijana maneno ya baharini. Humo alieleza ya kuwa juu ya sitaha ya merikebu husimamishwa magogo mawili ya mti mgumu, yaitwayo "bitts", ili amari ya nanga izungushwe hapo. Mzunguko mmoja wa amari juu ya magogo hayo uliitwa "bitter", na kipande cha amari kibakicho ndani ya chombo ndicho kilichokuwa mwisho wake. Nanga ikishushwa katika maji mengi hata amari ikafika kipande hicho, basi hakuna tena ya kuongeza. Kwa maoni yetu maji mawili yamekutana hapa: kamba ya mabaharia, na uchungu wa mwisho mbaya utajwao katika Biblia. Neno moja lilisikika kama jingine, na watu wa nchi kavu walichagua lile walilolielewa.

Tusitoke baharini bila kumtaja amiri Horatio Nelson, kwa kuwa habari zake zimefungwa na msemo usikikao kila siku, "to turn a blind eye".

Nelson alipoteza nuru ya jicho lake la kulia mwaka wa 1794, katika vita vya Calvi, katika kisiwa cha Corsica, mzinga wa adui ulipoyarusha mawe na mchanga usoni pake. Miaka saba baadaye, tarehe 2 Aprili 1801, alikuwa mbele ya mji wa Copenhagen akipigana na Wadenmark. Mkubwa wake, Sir Hyde Parker, alikuwa mbali na merikebu zilizo nzito zaidi, wala hakuweza kuyaona mambo vizuri kwa moshi. Aliona kwamba baadhi ya manowari za Nelson zimekwama mchangani na mizinga ya Wadenmark hainyamazi, akaamuru bendera zipandishwe, za kuwaambia watu waache vita. Nelson aliarifiwa. Kanali Stewart aliyekuwapo chomboni alisimulia baadaye ya kuwa Nelson alimgeukia nahodha wake akamwambia kwamba mtu mwenye jicho moja anayo haki ya kuwa kipofu pengine. Kiisha akaiweka darubini kwenye jicho lile bovu, akasema kwamba kwa kweli hakuiona ishara. Akaendelea kupigana, na vita vilikwisha kwa Wadenmark kukubali kusimamisha mapigano.

Hivyo ndivyo hadithi isimuliwavyo kwa wanafunzi, nao huipenda. Lakini vitabu vingi huruka jambo moja. Palikuwa na nahodha mwingine, Edward Riou, aliyekuwa na manowari ndogo karibu na ngome ya adui. Yeye aliiona ishara ya Parker, wala hakuwa na jicho bovu la kuiwekea darubini. Akatii. Alipokigeuza chombo chake ili atoke, ubavu na tezi zikawaelekea maadui, risasi ya mzinga ikampiga akafa papo hapo. Waingereza wapatao 250 waliuawa siku hiyo, na Wadenmark wengi zaidi. Aliyeasi alipewa ukubwa wa jeshi lile baada ya majuma machache, Parker alipoitwa arudi; aliyetii alizikwa.

Yako maneno yafananayo na msemo huu yaliyoandikwa kabla ya Nelson kuzaliwa, kwa hiyo si kweli kwamba yeye ndiye aliyeubuni. Ila yeye ndiye aliyewafanya watu waukumbuke. Tena tazameni jinsi maana ilivyogeuka. Nelson alisifiwa kwa jicho lake. Leo, ukisema kwamba mkubwa fulani "turned a blind eye" watumishi wake walipokuwa wakiiba, humsifu, bali wamshitaki. Kiswahili kina maneno mawili mazuri ya jambo hilo: amefumba macho, au amejitia hamnazo.

Sasa twende nchi kavu, kwenye barabara za miji, tusikilize msemo ambao leo huchekesha na zamani ulikuwa wa kutisha. Mama wa Kiingereza akiwakuta watoto wake wamevunja sahani na kumwaga maziwa, akawakaripia kwa sauti kuu, husemwa kwamba amewasomea Sheria ya Ghasia: "she read them the Riot Act". Watoto hawadhuriki, hulia kidogo wakafagia.

Lakini sheria hiyo ilikuwako kweli. Mfalme George wa kwanza alipotawazwa mwaka wa 1714, watu wengi hawakumtaka, na miji ikajaa fujo. Bunge likatunga sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1715. Ilisema kwamba watu kumi na wawili au zaidi wakikusanyika kwa ghasia, hakimu aweza kufika karibu nao na kuwasomea tangazo fupi kwa jina la Mfalme, kuwaamuru watawanyike, waende makwao au kazini mwao. Baada ya kusomwa, walipewa muda wa saa moja. Saa ikipita na watu kumi na wawili wangali wamesimama pamoja, kosa lao lilikuwa la kufa. Na askari waliotumwa kuwatawanya, wakiua mtu katika kazi hiyo, hawakushitakiwa.

Tangazo lilipasa kusomwa kama lilivyoandikwa. Mwaka wa 1830 mahakama ilikataa kuwahukumu watu kwa sheria hiyo, kwa sababu aliyelisoma tangazo aliyaacha maneno ya mwisho ya kumwombea Mfalme. Maneno machache yaliyosahauliwa yalizikomboa shingo za watu. Sisi waalimu, tuwaambiapo wanafunzi wasome kila neno lililo mbele yao, hatujapata mfano wenye nguvu kama huo.

Siku iliyoifanya sheria hiyo isisahaulike ni tarehe 16 Agosti 1819. Katika mji wa Manchester, katika uwanja uitwao St Peter's Field, walikusanyika watu wapatao 60,000, wengi wao wafumaji, pamoja na wake zao na watoto, nao walivaa nguo zao za Jumapili. Manchester wakati ule ulikuwa mji mkubwa wenye viwanda, lakini haukuwa na mjumbe wake hata mmoja katika Bunge; na hilo ndilo walilokuja kulidai, kumsikiliza Henry Hunt akinena. Mahakimu walikaa katika nyumba moja ukingoni mwa uwanja. Walisema baadaye ya kuwa sheria ilisomwa. Wengi waliokuwapo waliapa kwamba hawakusikia neno. Nani angesikia? Sauti ya mtu mmoja dirishani, mbele ya watu elfu sitini, hailingani hata na kilio cha mbu. Wala saa moja haikungojwa. Askari wa farasi waliingia katika umati na panga zilizofutwa alani. Watu kumi na watano au zaidi walikufa kwa siku ile na kwa majeraha yake, na mamia waliumia, wanawake wakiwamo wengi.

Adhabu ya kufa iliondolewa katika sheria hiyo mwaka wa 1837, na mwaka wa 1967 ikakoma kabisa kutumika Uingereza. Msemo umebaki peke yake, jikoni, mdomoni mwa mama mwenye hasira. Lakini wasomaji wetu wasidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Kanuni za Adhabu zilizowekwa mwaka wa 1930 katika Kenya na katika Tanganyika zililichukua tangazo lile na idadi ile ile ya watu kumi na wawili. Ila badala ya saa moja ziliandika muda wa kutosha tu. Mtu akizifungua sheria za Kenya na Tanzania za leo atakuta wale kumi na wawili wa mwaka wa 1715 wangalimo.

Kwa kuwa tumeona jinsi msemo mmoja uwezavyo kuwa mchezo kwa huyu na msiba kwa yule, ni vema tuseme jambo liwapatalo vijana wetu. Wako wanaokusanya misemo ya Kiingereza katika madaftari, mia na zaidi, wakaihifadhi kama majira ya mvua, bila kujua kila mmoja ni wa baraza gani. Kijana mmoja tuliyemfundisha, mwenye bidii kuliko wenzake, alilipiwa karo na bwana mmoja wa Kizungu. Bwana yule akafiwa na baba yake huko Ulaya. Kijana akaona imempasa kumpelekea barua ya rambirambi, akaiandika kwa mkono mzuri, sarufi yake haina waa, akasema kwamba amehuzunika sana kusikia ya kuwa mzee "has kicked the bucket". Daftari lake lilimwambia kwamba maana yake ni kufa. Ndiyo, lakini ni kufa kwa mzaha, neno la walevi na wachuuzi. Ni kama mtu aingiaye matangani na kumwambia mfiwa kwamba mzee wake amekata kamba. Barua ile haikujibiwa, wala karo ya mwaka uliofuata haikuja.

Msemo huo ulitiwa katika kamusi ya maneno ya mitaani iliyopigwa chapa na Francis Grose mwaka wa 1785. Ndoo haikuwamo. Katika sehemu za mashariki ya Uingereza, boriti ambayo nguruwe hutundikwa kwa miguu akichinjwa iliitwa pia "bucket", na mnyama akitupa miguu hupiga teke boriti hiyo. Ndiyo asili ikubaliwayo na wengi. Angalijua hivyo, kijana yule asingaliuweka msemo wa machinjioni katika barua ya msiba.

Si kila asili isimuliwayo ni ya kweli, na hapa twataka kuwaonya wasomaji. Watu hupenda hadithi tamu kuliko hadithi ya kweli, na katika habari za misemo hakuna aogopaye kusema uongo. Mtasikia, kwa mfano, kwamba "saved by the bell" ni habari ya watu waliozikwa hali wangali hai, wakafungiwa uzi wa kengele kidoleni ili waipige kaburini. Hadithi nzuri ya kusimulia usiku. Lakini msemo umetoka katika mchezo wa ngumi, ambamo mtu aliyekaribia kushindwa huokolewa na kengele ya kumaliza duru, naye hupata kupumzika. Mtasikia pia kwamba mvua kubwa husemwa kuwa ni mvua ya paka na mbwa, "raining cats and dogs", kwa sababu wanyama hao walilala ndani ya makuti ya nyumba za zamani, wakateleza mvua iliponyesha. Asimuliaye hivyo hajalala hata siku moja chini ya paa la nyasi. Sisi tuliozaliwa chini yake twajua nani hukaa humo: panya, mijusi, na pengine nyoka. Mbwa hakuonekana. Msemo wenyewe ulikuwamo katika kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka wa 1738, na hapo alikuwa akiwacheka watu wanenao maneno yaliyochakaa. Maana yake hata siku zile ulikuwa mzee.

Lakini asili nyingine husikika kama uongo, kumbe ni kweli. Waingereza humtaja mtu mmoja Hobson wakitaka kusema kwamba mtu amepewa nafasi ya kuchagua ambayo si kuchagua: "Hobson's choice". Thomas Hobson aliishi Cambridge, akafa mwanzo wa mwaka wa 1631 akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini. Kazi yake ilikuwa kuchukua barua na mizigo baina ya Cambridge na London, na farasi wake walipokuwa hawana safari aliwakodisha kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kila mwanafunzi alimtaka farasi aliye mwepesi, na farasi wepesi walikuwa wakiuawa kwa kukimbizwa. Hobson akaweka amri: ajaye humchukua farasi aliye karibu na mlango wa banda, au huenda zake kwa miguu, na farasi arudiye hupelekwa nyuma. Hivyo kila mmoja alipumzika zamu yake. Mtu asikiaye msemo huu hudhani Hobson alikuwa mkorofi. Sisi twamwona kuwa alikuwa na huruma kwa wanyama wasio na mdomo wa kujitetea. Alifanikiwa sana, akatoa ardhi kwa ajili ya watu wa mji, na mfereji wa kuleta maji safi Cambridge ambao alisaidia kuugharimia huitwa kwa jina lake hata leo.

William Cobbett naye yafaa atajwe, kwa ajili ya "red herring". Heringi ni samaki mdogo wa bahari za kaskazini. Akitiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi siku nyingi huwa mwekundu na harufu yake ni kali, kama ng'onda iliyosahauliwa. Mwaka wa 1807 Cobbett, aliyekuwa na gazeti lake mwenyewe, alisimulia ya kuwa alipokuwa mtoto aliburura samaki huyo ardhini akawapoteza mbwa waliokuwa wakimfuata sungura. Hakuwa akifundisha uwindaji. Magazeti ya siku zile yalikuwa yamepokea habari kwamba Napoleon ameshindwa, nayo ilikuwa uongo. Na watu waliposhughulika na habari hiyo, mambo mazito ya nchi yao wenyewe yaliachwa. Tangu hapo kila neno litupwalo katikati ya mazungumzo ili kuwapoteza watu katika jambo lenyewe huitwa kwa jina la samaki yule.

Tumebakiza msemo wa neno moja tu, nao ulinunuliwa kwa bei kubwa.

William Tyndale alikuwa mtu wa chuo aliyetaka Biblia isomwe kwa Kiingereza na kila mtu, hata kijana wa jembe. Uingereza hakupata ruhusa, akaenda Ujerumani mwaka wa 1524. Agano Jipya lake lilipigwa chapa katika mji wa Worms mwaka wa 1526, likaingizwa Uingereza kwa siri ndani ya shehena za biashara, na vitabu vilivyokamatwa vilichomwa moto hadharani London. Yeye aliendelea, akajifunza Kiebrania, na mwaka wa 1530 akatoa vitabu vitano vya Musa. Katika kitabu cha Walawi alikutana na mbuzi wawili wa Siku ya Upatanisho: mmoja wa kuchinjwa, na wa pili wa kubebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani kwa Azazeli. Neno hilo la mwisho ni gumu. Wafasiri waliomtangulia nao lilikuwa limewashinda. Tyndale alilisoma kana kwamba ni maneno mawili, mbuzi na kwenda, akaunda neno jipya la Kiingereza, "scapegoat", yaani mbuzi aponaye. Wataalamu wengi wa siku hizi huona kwamba Azazeli ni jina, kwa hiyo fasiri yake haikulenga. Lakini neno lilishika. Leo Mwingereza ambaye hajui kama liko katika Biblia hulitumia kwa mtu atwikwaye makosa ya wenzake, karani afukuzwaye kazi ili wakubwa wabaki vitini.

Mwaka wa 1535 Tyndale alisalitiwa katika mji wa Antwerp na mtu aliyemfanya rafiki. Alifungwa zaidi ya mwaka katika ngome ya Vilvoorde, na mwaka wa 1536 akanyongwa na maiti yake ikachomwa moto. Mwaka wa 1538 ikatoka amri ya kwamba kila kanisa la Uingereza liwe na Biblia ya Kiingereza, na ile iliyotolewa mwaka wa 1539 kwa ajili hiyo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya mkono wake, bila jina lake.

Walioifasiri Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka wa 1952 waliliacha jina la Azazeli kama lilivyo, kwa hiyo neno la Tyndale halikuja kwetu kwa njia hiyo. Waswahili wamepata lao kutoka kwao wenyewe: mtu abebeshwaye lawama za wengine humwita mbuzi wa kafara. Wanafunzi wengi hufasiri neno moja kwa jingine, na kwa kazi ya kila siku yatosha. Ila wajue tofauti iliyopo. Mbuzi wa kafara huchinjwa. Yule wa Tyndale alifunguliwa kamba akiwa hai, akaenda zake nyikani.